Nilivyoipasua Laptop ya Mama Mkwe Mbele ya Ukoo

Jamani, leo nimepatikana. Na si pengine, ni kwa wakwe!

Tulikuwa Port Victoria, kando ya ziwa, nyumbani kwa kina mke wangu, Apiyo. Dada yake mdogo, Achieng', alikuwa anafuzu chuo huko ng'ambo, na mahafali yangeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Sebule ilijaa mashangazi, majirani, na akina mama wa kanisa na leso zao mpya. Tungetazama kwenye laptop ya Mama, ile kuukuu ya siku nyingi (nzito kama jiwe la kusagia).

Mama akaiwasha. Skrini nyeusi. Maandishi meupe yakasema haioni pa kuanzia. Akazima, akawasha tena. Yale yale.

Apiyo akatangaza: "Msijali, bwana yangu anajua hizi vitu!"

(Nimewahi kufungua laptop mbili. Moja ilipona.)

Sebule nzima ikanigeukia. Ningefanyaje?

"Leteni bisibisi," nikasema kwa sauti ya daktari.

Nikaipindua. Nikatoa betri. Nikafungua skrubu, nikazipanga kwenye kisahani cha chai. Nikachomoa memori, nikaisugua kwa kifutio cha penseli. Nikatoa hard disk, nikaigongagonga karibu na sikio kama mtu anayechagua tikiti maji. Mashangazi wakasogeza viti karibu. Mjomba wake Apiyo akatikisa kichwa: "Mkwe wetu amesoma, huyu." Nilivimba! Shati karibu lipasuke.

Nikarudisha kila kitu. Nikawasha. Maandishi meupe.

"Wanakaribia kuita majina!" Apiyo akaninong'oneza, akitazama saa.

Jasho. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikatoa hukumu: "Mama, pole sana. Hard disk imekufa. Hata ukiipeleka Kisumu watakuambia hivyo hivyo."

Mama akaisogelea laptop, akaipapasa kama anaiaga. Mkono wake ukakwama ubavuni mwa laptop.

"Yawa! Kumbe flash yangu ya nyimbo za kwaya iko hapa? Nimeitafuta tangu Jumapili!"

Akaichomoa. Kitu kidogo kama ukucha! Nilikuwa nimekizunguka na bisibisi pande zote bila kukiona. Muda wote huo laptop ilikuwa inairuka hard disk, inajaribu kuwakia kwenye kwaya.

Nikabonyeza kitufe. Ikawaka. Safi kabisa!

Sebule ikalipuka. Shangazi mmoja alijishika mbavu mpaka akateleza kwenye kiti: "Daktari, maiti yako imeamka!" Mjomba, yule yule wa "amesoma", alicheka hadi akatoa miwani kufuta machozi. Apiyo alijifunika uso na leso. (Mabega yalikuwa yanamtingishika, nilimwona.)

Lakini ngojeni. Tuliwahi. Achieng' aliitwa, akapita na joho lake, na vigelegele vya sebule ile nadhani vilisikika ziwani. Mama alilia. Nami nililia kidogo (vumbi la laptop, bila shaka).

Halafu nikamsikia Mama kwenye simu, akimwambia dada yake wa Obunga: "Tumeona kila kitu! Huyu mkwe wangu aliifungua yote, akairudisha yote, na bado inafanya kazi!"

Na ni kweli. Hakuna hata skrubu moja iliyobaki.

Kwa hivyo anayetaka kunicheka aende kwanza akapasue laptop ya mama mkwe wake, ukoo ukitazama, na aifunge ikiwa hai.