Juma la Kumwachisha Erasmus

Jumatatu, 3 Juni 2024
Jumuiya yetu ya kanisani imenipa neno la kufundisha Jumamosi: kujitawala. Nikasema hilo jepesi. Jirani yangu Walburga akacheka mbele ya wote. Akauliza mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu anayening'inia kifuani atafundisha kujitawala gani. Wa kwake aliacha kwa siku tatu. Mimi nikishindwa, atafundisha yeye. Basi. Kabla ya Jumamosi Erasmus anaacha ziwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimejipaka shubiri. Erasmus kaonja, kakunja uso, kaenda kuleta kitambaa, kanifuta. Kisha kanyonya. Nimeandika kwenye daftari la somo: kujitawala ni kujizuia mwenyewe, si kuzuiwa na kitu kichungu.

Jumatano, 5 Juni
Mpango mpya. Baba yake kampeleka Madaba kwa mama yangu, kama sisi wote tulivyoachishwa, kwa kupelekwa kwa bibi. Erasmus kaondoka anapunga mkono. Mimi ndiye niliyelia, lakini jikoni, kwenye moshi, kwa hiyo haihesabiki. Nikamwambia Walburga imekwisha. Akasema tutaona.

Alhamisi, 6 Juni
Kifua kimejaa, kinauma. Nimepiga simu Madaba mara sita. Mama kasema mtoto anakula ugali na maharage, hajaniulizia. Ya saba akasema, "Recho wee, mtoto kaacha tangu jana. Sasa anayeachishwa ni nani?" Nikamwambia mtandao unakatika. Somo limekamilika: kujitawala kunatoka ndani, hakuna anayekuona, na bado hufanyi.

Ijumaa, 7 Juni
Madaba baridi mwezi huu. Sweta ya Erasmus ilibaki hapa. Mama gani atakaa kimya? Nimeipeleka. (Anazo mbili kule, ila hii ina kofia.) Nikamkuta na vifaranga. Kaniambia shikamoo, karudi kwa vifaranga. Hakuomba chochote. Nikamwita ajaribu sweta. Nikamuuliza, kuuliza tu, kama hana kiu.

Jumamosi, 8 Juni
Tumerudi kwa basi la kwanza, Erasmus ananyonya mpaka stendi. Na nani yuko stendi anapokea gunia lake la mahindi? Walburga. Jioni kafundisha yeye. Nilikaa nyuma, nimemfunika mtoto kwa kanga. Alifundisha vizuri, sikatai. Ila wangeniuliza ningewaambia ukweli: mtoto huyu hajui kujitawala hata kidogo. Jumatatu anarudi Madaba. Sweta itabaki kwangu.