Chai ya Kutema

Wabwile alipofukuzwa kazi ya ufagio katika shamba la majani chai kule juu mlimani, hakuondoka mikono mitupu. Aliondoka na mkebe wa majani halisi, ambao hakupewa, na elimu ambayo hakuna aliyemwona akiichukua: alijua Wazungu wanavyoonja chai. Wanaifyonza kwa kelele ambazo mtoto angechapwa kwazo, wanaizungusha mdomoni, kisha wanaitema kwenye ndoo.

"Mtu anayelipwa kutema," aliwaza akiteremka kwenda Kitale, "ataaminiwa neno lolote."

Mjini Kitale, nyuma ya kila hoteli, majani yaliyokwisha kuchemshwa yalimwagiwa kuku. Wabwile aliwanyang'anya kuku hao riziki yao, akayaanika juu ya mabati hadi yakakauka, meusi na ya kupendeza. Gunia lilipojaa, alipanda nalo lori la mahindi mpaka Kanduyi, pembeni mwa Bungoma, ambako hakuna aliyemjua.

Pale aliishi Nasambu, mjane mwenye hoteli ya meza tatu. Wateja wake walikuwa wakimhama mmoja mmoja kwenda hoteli mpya ng'ambo ya barabara, kwa sababu ilipakwa rangi ya bluu. Nasambu hakuwa na rangi. Alikuwa na baiskeli ya marehemu mumewe, iliyomletea maziwa kila asubuhi. Bila baiskeli hakuna maziwa, na bila maziwa hakuna hoteli.

"Mama, gunia hili kwa baiskeli ile," alisema Wabwile. "Majani haya yameota mahali mawingu yanapolala. Mzungu hamuuzii mtu mweusi."

"Na wewe ni Mzungu?"

"Nilikuwa mwonjaji wake."

"Onja basi, tukuone."

Wabwile aliingiza mkono kwenye gunia, akautoa na majani ambayo hasa yalitoka kwenye mkebe uliofichwa ndani ya mkono wa koti. Akapika turungi, bila maziwa wala sukari. Akafyonza. Hoteli nzima ikageuka. Akatema kwenye karai kwa heshima kubwa, kama mtu anayetoa sadaka.

"Bwana karani, wewe umesoma. Utausikia ukungu," alimwambia mteja mwenye kalamu mfukoni.

Walubengo, karani wa baraza, alifyonza, akatema, akajilowesha kiatu. "Naam! Ukungu kabisa!"

Katekista Wekoye, ambaye hakukubali kupitwa na karani kwa jambo lolote, alitema mbali zaidi. "Mimi nasikia hata baridi."

Nasambu alionja, naye akameza. Ilikuwa chungu, lakini ilikuwa chai kweli. Aliwaza ile rangi ya bluu, akakubali. Mkono wa Wabwile ulikuwa tayari kwenye kiti cha baiskeli.

"Ngoja kwanza. Hapa kwetu mgeni akileta chakula, anapikiwa hicho hicho. Haondoki mdomo mkavu."

"Mama, nimeshiba."

"Ati umeshiba chai uliyotema? Keti bana."

Nasambu alichota konzi mbili za majani kutoka gunia lenyewe, akayachemsha pamoja na maziwa na sukari, kama watu wa Bungoma wanavyopika chai. Maziwa yalipanda, yakashuka, yakabaki maziwa. Akaongeza konzi nyingine. Hayakubadilika. Akamimina vikombe vitatu.

Wabwile alikunywa akiitazama baiskeli. "Hii ndiyo yenyewe. Chai ya juu sana hujificha ndani ya maziwa. Si kila mtu ataigundua."

Walubengo alifumba macho. "Imejificha vizuri sana."

"Mimi nimeiona," alisema Wekoye akishika koo. "Inapita hapa sasa hivi. Mama, niongeze!"

Nasambu akamvuta Wabwile jikoni.

"Mwanangu, haya majani umewaibia kuku wa nani?"

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Wale ningewapa maji ya kuoshea vikombe, wangesikia ukungu. Sasa baiskeli nikupe ya nini? Majani yaliyochemshwa si nayamwaga mwenyewe kila siku?" Akanyoosha mkono. "Leta ule mkebe niliouona ndani ya mkono wa koti."

"Mkebe upi?"

"Ama nimweleze karani amesifu nini? Yeye ndiye anashika funguo za mahabusu, na hapendi kuchekwa."

Mkebe ulitoka ndani ya koti. Wabwile alirudi Kitale kwa miguu, na kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, Nasambu alimtwika gunia lake.

Mahindi yalipovunwa, Wabwile aliingia hoteli moja ya Kitale yenye vitambaa mezani, akaagiza chai bora kuliko zote. Aliletewa kikombe cheupe pe, na bakuli tupu kando yake.

"Bakuli la nini?"

"La kutemea, mzee. Hii ni chai ya mlimani, inatoka Kanduyi kwa Mama Nasambu. Wanaojua hawaimezi."

Wabwile alifyonza, akazungusha, akaitambua: majani yale yale ya kuku. Meza zote zilikuwa zinamtazama, mashavu yamevimba, zikisubiri mtu wa kwanza aseme.

"Ukungu mtupu," alisema, akatema.

Na hoteli nzima, kwa shukrani, ikatema pamoja naye.