Kasoro za Kubuni za Lonnie Crabtree

Lonnie Crabtree aliiona riziki yake kupitia kioo cha pikapu, mchana wa jua kali, alipokuwa amepotea njia akitafuta mahali pa kununua mbavu za kuchoma. Mbele yake ulikuwa umejitandaza mtaa mpya uitwao Pecan Hollow, nje kidogo ya Fort Worth. Jina hilo lilimaanisha bonde la mipekani, miti ya kokwa za kuliwa, ingawa bonde halikuwepo na mpekani hata wa kusingiziwa haukuonekana. Zilikuwepo nyumba tu, zimefanana kama mayai ya trei moja, na katika madirisha ya nyingi ya nyumba hizo vilionekana vipande vya selotepu ya buluu.

Lonnie alipunguza mwendo. Njaa ya mbavu ikamtoka, ikaingia nyingine.

Selotepu ile ni desturi ya huku Texas. Ukinunua nyumba mpya, kabla hujakabidhiwa ufunguo unapewa selotepu moja nzima uzunguke nayo chumba kwa chumba, ukibandika kipande kila unapoona kasoro. Penye selotepu, mkandarasi anarekebisha. Pasipo na selotepu, kwa mujibu wa mkandarasi, hapana kasoro, hata kama pana tundu la kupitisha mbuzi. Watu wa Texas ni wagumu kuamini mambo mengi, lakini kipande cha selotepu ya buluu wanakiamini kama muhuri wa mahakama.

Kufika jioni, Lonnie alikuwa ameshakuwa mkaguzi huru wa majengo. Hakusoma popote. Alinunua selotepu kadhaa za buluu, kofia ngumu nyeupe na kisibao chenye mifuko mingi, na kwa dada yake Darlene akaazima kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama ya kuchoma, chenye sindano ndefu na uso wa mviringo. Hicho kingekuwa kipima unyevunyevu wa kuta.

Mpango aliomweleza Darlene ulikuwa mtamu kwa ufupi wake. Yeye angebisha hodi na kuwabunia watu kasoro za kutisha katika nyumba zao mpya nzuri. Wakishachanganyikiwa, Darlene angejitokeza kama mnunuzi mwenye huruma wa nyumba mbovu. Wangenunua, wangebandua selotepu, wangeuza kwa bei ya juu, kwa kuwa kiwanda kikubwa kilikuwa kinakuja jirani na bei zilikuwa zinapanda kila kukicha. Darlene aliuliza itakuwaje kama nyumba zenyewe ni mbovu kweli. Lonnie alimwangalia kwa masikitiko ya msomi.

"Darlene, nyumba ni mpya," alisema. "Kitu kipya kinaharibikaje kabla ya kutumika?"

Hapo ndipo safari ilipoharibikia, ila hakuna aliyejua.

Mlango aliougonga ulikuwa wa Marisela Treviño. Ulifunguka baada ya kusukumwa kwa bega kutoka ndani, na Lonnie akadhani mama huyu ana mikono dhaifu. Marisela alikuwa amempakata binti yake, Noelia, aliyekuwa anaanza kujifunza kusimama. Mumewe, Gilberto, alikuwa kwenye visima vya mafuta huko Midland, na akiba yao yote, pamoja na ile ya harusi ambayo hawakuifanya, ilikuwa imezama katika nyumba hii.

Na nyumba ilikuwa inamtisha. Mtoto akiwekwa sebuleni aliviringika kwa mteremko wa sakafu mpaka jikoni, moja kwa moja kuelekea kwenye jiko. Wiki iliyotangulia mlango wa bafu uling'ang'ania Noelia akiwa ndani peke yake, na Marisela akauvunja kwa kikaango cha chuma huku analia. Alipokwenda kulalamika, meneja wa mkandarasi, bwana mnene aitwaye Stubbs, alimwambia nyumba haina tatizo, inajituliza tu, kama mtu aliyeshiba. Alete mkaguzi huru, ndipo waongee. Mkaguzi huru alikuwa na bei ambayo Marisela hakuwa nayo. Kwa hiyo mtu mwenye kofia nyeupe aliposimama mlangoni na kusema ukaguzi wa kwanza ni bure, alijiona kama aliyetumiwa malaika.

Malaika akaanza kazi. Alipita sebuleni akibandika selotepu kwa mikono miwili, haangalii anapobandika, kama mtu anayepaka siagi kwenye mikate ya shule nzima. Akabandika ukutani, akabandika juu ya dirisha, akabandika na friji.

"Nyuma ya ukuta huu, dada yangu, hamna pamba ya kuzuia joto," alisema kwa sauti ya msibani. "Hamna kitu."

Marisela akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha soketi, akamulika kwa simu. Pamba haikuwepo. Ilikuwepo glavu moja, na karatasi ya mtu aliyekula taco akakosa pa kutupa.

Akamwambia. Lonnie akatikisa kichwa kwa huzuni, huku moyoni akicheka. Kazi yake ya utapeli ya miaka mingi ilikuwa imemfundisha kuwa binadamu ukimwambia uso wake umevimba, anakwenda kwenye kioo na kuuona umevimba. Akasema bomba la choo cha juu linavujia gereji. Marisela akaenda gereji, akarudi na kiatu kilicholowa. Akasema, kwa kutafuta neno zito, kuwa kenchi za paa hazikupigiliwa misumari. Marisela akamkabidhi mtoto, akapanda darini, akashuka na vumbi kichwani.

"Zimefungwa kwa waya wa umeme," alisema. "Ule wa rangi ya chungwa. Bwana mkaguzi, umejuaje ukiwa chini?"

"Uzoefu," alijibu Lonnie, akimrudishia mtoto.

Kwa takribani nusu saa hakukuwa na mkaguzi bora kuliko yeye katika Texas nzima. Kila uongo alioutamka, nyumba iliuunga mkono. Marisela alimtazama kwa heshima aliyokuwa hajawahi kumpa daktari.

Kisha Lonnie akatoa kipima unyevunyevu. Akachomeka sindano ukutani, ikaingia mpaka mwisho bila kusukumwa, akasoma uso wake kwa kukunja paji. Marisela akasogea naye asome. Usoni pa chombo kile palichorwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Mshale ulikuwa umesimama kwenye kuku.

Baba yake Marisela alichoma nyama kila Jumapili ya maisha yake, na chombo kile kilikuwa kinaning'inia jikoni kwao tangu hajaota meno. Marisela alikwenda kumpikia mkaguzi kahawa, na akiwa jikoni akampigia Gilberto. Gilberto akashauri tapeli atimuliwe kwa kikaango kilekile. Marisela akamwambia asubiri kwanza, mtu akija na uongo mwingi namna hii lazima ana anachotaka, na hajakisema bado.

Lonnie akakisema kwenye kahawa. Alikuwa anamfahamu mama mmoja mwenye moyo wa ajabu, ambaye hununua nyumba zilizoshindikana, kwa bei ndogo bila shaka, lakini kwa fedha taslimu. Marisela alikoroga kahawa yake taratibu. Sasa aliuona mpango wote, kama unavyoiona chupi kwenye kamba ya jirani. Ila alijua jambo moja ambalo mwenye mpango hakulijua. Kasoro zote zilikuwepo.

Alikaa na fikira hiyo hata mgeni alipoondoka. Alikuwa mtu wa kanisani, tena anayesikiliza. Akaapa mbele ya Noelia, aliyekuwa ameshaviringika mpaka jikoni, kuwa hatamwambia yule bwana uongo hata mmoja. Atamwambia ukweli wote. Akiukataa, shauri yake.

Darlene alikuja amevaa mkufu wa msalaba, na uso wa mtu anayetembelea wagonjwa. Marisela akawapokea vizuri, akawakaribisha, akaanza kuwatembeza. Aliwaonyesha mtoto anavyoviringika. Aliwaonyesha glavu. Aliwaambia kuwa mvua ikinyesha maji huteremkia kwenye taa ya chumba cha kulala, na taa huwaka yenyewe. Aliwasihi wasiegemee nguzo ya barazani, kwa kuwa imesimama kwa mapenzi ya Mungu, wakati huohuo Darlene akaiegemea na nguzo ikasogea hatua nzima pembeni. Darlene akabaki ameikumbatia kama wanaocheza muziki.

Kaka yake akamvuta nje kando ya pikapu.

"Lonnie, ile nyumba inaanguka," alinong'ona Darlene.

"Wewe hujamwelewa," alisema Lonnie, macho yanawaka. "Anataka tukate tamaa. Tumemtisha, akalala, akaamka akagundua nyumba yake ni dhahabu. Sasa anatuigizia zile kasoro zangu mwenyewe ili tuondoke. Muuzaji gani unamjua anayeisema vibaya bidhaa yake?"

Darlene alifikiri. Kwa kweli hakumjua hata mmoja.

Wakarudi ndani na bei ya nusu. Marisela akasema pole, hawezi, kwa kuwa benki haitamwachia chini ya deni, na yeye anataka na akiba yake. Bei ni ileile aliyonunulia, senti haipungui, na kwa ushauri wake kama wangekuwa ndugu zake angewaambia wasinunue kabisa. Lonnie alipomsikia akisema hivyo, damu ilimchemka. Mama anaikumbatia nyumba namna hii. Kuna nini humu? Akamwuliza ana habari gani za kile kiwanda. Marisela akajibu kwa kweli kwamba hana, isipokuwa anasikia bei zitapanda.

"Lakini si za nyumba hii," aliongeza. "Hii itapanda ikipigwa na kimbunga."

"Tunanunua," alisema Lonnie.

Ili kupata bei nzima, Lonnie aliuza mashua yake ya kuvulia samaki, Darlene akauza nyumba yake ya magurudumu aliyokuwa akiishi kwa raha pamoja na paka, na kilichopungua wakakopa kwa shemeji asiyecheka. Siku ya kusaini, karani wa kuhamisha hati alimwuliza muuzaji kama kuna kasoro anazozijua. Marisela akasema zipo, akazitaja moja baada ya nyingine, mpaka karani akaomba maji ya kunywa. Akamgeukia mnunuzi kumwuliza kama amesikia. Lonnie akasema amesikia, na kwamba amewahi kuzisikia zikitajwa vizuri zaidi. Akamkonyeza dada yake. Wakasaini.

Akiba ya akina Treviño ikarudi. Waliitumia kununua nyumba kuukuu ya mbao huko Cleburne, yenye ngazi zinazolia, iliyojengwa na mafundi ambao wote walishakufa bila kuona haya. Marisela alimsimamisha Noelia katikati ya sebule. Mtoto alikuwa amejifunzia kusimama kwenye sakafu ya Pecan Hollow, kwa hiyo kwenye sakafu iliyonyooka alipiga hatua zake za kwanza ameinamia upande, kama baharia, akaanguka juu ya mto, akashangaa. Mama yake alicheka mpaka akalazimika kuketi.

Huku Pecan Hollow, Lonnie na Darlene waliingia na makopo ya rangi. Kazi ilikuwa kubandua selotepu, kupaka rangi, kuuza. Lonnie akashika kipande cha sebuleni, akakivuta kwa madaha. Kikaja. Nyuma yake ikaja rangi, nyuma ya rangi ukaja ubao wa jipsam, nyuma ya jipsam zikaja soketi mbili na waya wake, na upande wa pili Darlene akaonekana, ameshika brashi, anamtazama kaka yake kutoka chumba kingine.

Lonnie akajaribu kipande cha juu ya dirisha. Dirisha likatoka nje, likakaa kwenye majani bila kupasuka. Hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa imara.

Walikimbilia ofisi ya Stubbs. Bwana Stubbs aliwasikiliza kwa upole, mikono juu ya tumbo. Akawaeleza kwamba dhamana ya nyumba ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza, na mnunuzi wa pili kampuni haimfahamu, ingawa inamtakia kheri. Zaidi ya hayo, kuanguka kwa ukuta hakumaanishi kwamba pana kasoro. Huenda nyumba inajituliza. Kama wanabisha, walete mkaguzi huru.

"Mimi ndiye mkaguzi huru," alisema Lonnie kwa uchungu.

"Ulikuwa," alisema Stubbs. "Sasa ni mwenye nyumba. Uhuru wako umekwisha."

Kwa hiyo Lonnie Crabtree, baada ya maisha marefu ya kuwatoza watu kwa kazi asiyoijua, alimlipa mtu kwa kazi anayoijua. Alikuja bibi mwembamba aitwaye Opal Hathorne, na pima maji yake, na ngazi yake mwenyewe, na buti zilizochakaa. Alizunguka nje mara moja. Alipanda darini, akakaa huko kitambo bila kusikika. Aliposhuka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lingekuwa kwenye miwani. Kisha akasema watoke wote, tena kwa kunyata.

Wakasimama barabarani, Darlene na kapu la paka mkononi.

"Nani aliyewauzia hii?" aliuliza Bi. Opal.

"Mama mmoja mpole tu, ana mtoto mdogo," alisema Lonnie.

"Akawaficha yote haya? Nenda mahakamani, mwanangu. Mtu kama huyo hafai kuachwa."

"Hakuficha," alisema Lonnie. "Alituambia kila kitu. Alitutembeza kabisa."

Bi. Opal akamtazama yeye, akamtazama na Darlene, akafunga ngazi yake juu ya gari. Alisema amekagua nyumba maisha yake yote, lakini kasoro ya namna hiyo hana anapoiandika.