Marbury, Miguu ya Whit na Mimi

Jumatatu, 17 Juni
Siwezi kutulia. Kituo chetu cha televisheni kitaajiri mwanagenzi mmoja tu: mimi au Whit Lathrop. Bosi, Bi Kowalczyk, ametutangazia huku akitafuna mkate. Kamera haziruhusiwi ndani ya Mahakama ya Juu, kwa hiyo hukumu ikitoka tunanyakua nakala na kumkimbilia mtangazaji wetu, Rusk, kule nje. Whit ana miguu ya twiga. Mimi nina shahada ya historia ya katiba.

Nimemuwaza Marbury, yule wa kesi ya miaka mia mbili iliyopita, kutwa nzima. Aliteuliwa hakimu, barua ikatiwa sahihi na muhuri, kisha ikabaki mezani. Hakuna aliyeipeleka! Akashtaki. Majaji wakasema haki anayo, ila kumpa kazi hawawezi, kwani sheria aliyoitegemea inavunja katiba. Tangu hapo mahakama hufuta sheria za Bunge. Yote kwa sababu ya mjumbe mzembe! Na wajumbe wa leo ni akina nani?

Alhamisi, 20 Juni
Hila. Siku ya hukumu, jaji mdogo kicheo husoma yake kwanza, mkubwa mwisho. Kesi ya Dunleavy, aliyepekuliwa simu na polisi bila kibali, ni nzito mno. Lazima ataisoma mkubwa. Nikamwachia Whit nakala za kwanza kila siku, mimi nikabaki na za mwisho. Akanishukuru, eti dada una roho nzuri. Leo kapaa na hukumu ya mabomba ya maji taka. Rusk akamuuliza mbele ya kamera, kijana, hiki nini? Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 26 Juni
Nimechoka kuwa miguu. Mimi ni kichwa! Nimeandaa kikaratasi cha manjano cha kubandika juu ya nakala: RAIA WASHINDA. POLISI WASIPEKUE SIMU BILA KIBALI. Rusk atasoma papo hapo.

Whit kakiona. Akauliza, na isipokuwa hivyo? Nikamjibu nimesoma hukumu zote kubwa tangu Marbury. Akasema hizo ni za jana, dada, hii ni ya kesho. Wivu tu.

Ijumaa, 28 Juni
Dunleavy! Ya mwisho, na jaji mkubwa, kama nilivyosema! Nikabandika, nikatimka. Sketi hadi mapajani, raba zikilia kwenye marumaru. Niliwapita wote. Rusk akanguruma: raia washinda! Umati ukalipuka. Mama mmoja akamkumbatia polisi.

Kisha vituo vingine vikafika. Kumbe simu ilikuwa ya dada yake Dunleavy. Majaji wamesema hana haki ya kushtaki. Hakuna aliyeshinda. Hakuna kilichoamuliwa. Yule mama akamwachia polisi taratibu.

Bi Kowalczyk akaniita. Nikamweleza kwamba nilikuwa wa kwanza, kwamba jaji nilimbashiri sawasawa, kwamba kisheria nafasi ni haki yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, mpenzi, haki unayo. Kazi hatuna.

Kamchukua Whit.

Jumatatu, 1 Julai
Nimeamka na furaha ya ajabu. Marbury naye hakupata kazi, na mpaka leo anasomwa! Kosa langu lilikuwa moja tu: kutegemea kikaratasi cha kesi moja. Kituo cha jirani kinatafuta mwanagenzi, na mahakama inarudi kutoka likizo Oktoba. Nimeshaandika vikaratasi vya kesi zote zijazo.

Raia washinda katika zote.