Shati Jeupe la GNOME

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha jambo, na kwa kuwa daktari ameanza kuzungumza nami kwa upole, sina budi kuliandika. Naionea wivu skrini ya shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mpima ardhi mstaafu. Sote tunatumia Linux, mfumo wa kompyuta ambao humwachia mtu achague sura ya kompyuta yake. Yeye alichagua sura iitwayo Plasma, na kila juma huivisha rangi mpya. Mimi GNOME: shati jeupe, hakuna mapambo. Miaka yote nimemwambia kupamba skrini ni utoto. Naye huniita Mkaguzi, kwa kazi niliyostaafu, na kuuliza kama hata kompyuta yangu inaogopa kukaguliwa.

Kabla sijazikwa nataka aseme mara moja tu kwamba skrini yangu ni nzuri. Basi.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu Xfce, sura nyingine, kwa siri. Fundi cherehani hasa! Fremu za madirisha kivyake, aikoni kivyake, kishale cha kipanya kivyake. Kila kipande hupimwa peke yake. Tena nyepesi, haikuitoa jasho mashine yangu kongwe. Mke wangu akauliza nacheka nini. Nikasema naandika wosia. Akasema huo wosia wa vichekesho atausoma mwenyewe msibani.

Jumatano, 5 Machi
Cinnamon. Mwenyeji mkarimu! Unafungua mipangilio, mandhari zote za skrini ziko mezani, unajipakulia. Ningekaa hapa maisha yangu yote yaliyobaki. Yaani hadi Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Plasma. Lo! Bonyezo moja, nyumba nzima imevaa: rangi, fremu, aikoni, hata kishale. Nimeichagulia kijani cha majani mabichi, upau wa menyu na saa chini. Machozi yamenitoka. Lakini nikihamia, shemeji ameshinda. Afadhali kaburi!

Ndipo akili ya ukaguzi ikaamka. Nimepiga picha ya skrini nzima, nikarudi GNOME, nikauficha upau wake, nikaitandaza picha ile iwe usuli wa skrini. Nani atajua?

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja. Nikamtangazia kwamba hivi ndivyo GNOME inavyokuwa mikononi mwa anayeijua. Akasogea. Nikajihisi kijana!

Kisha akabonyeza menyu. Haikufunguka. Akabonyeza tena. Nikasema mashine imechoka kama mwenyewe. Akavaa miwani, akauliza kwa adabu zote: "Shemeji, humu ndani bado ni Alhamisi?"

Saa! Saa ya pichani haitembei, wala siku iliyoandikwa kando yake.

Alicheka mpaka mke wangu akaja mbio na dawa, asijue amnyweshe nani. Alipoelezwa, akasema amezeeka akilea watoto wawili, na mmoja wao ni kaka yake.

Shemeji akafuta macho, akanishika mkono. Akasema GNOME yenyewe, ile tupu, ameitamani siku nyingi. Utulivu wake kama darasa la asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia. Kelele zangu tu ndizo zilizomzuia kusema. "Skrini yako nzuri, shemeji. Ilikuwa nzuri tangu zamani."

Tumeapa, mke wangu akiwa shahidi: hila basi.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji amepita na kompyuta yake. Amehamia GNOME! Shati jeupe limempendeza, sikatai.

Akaitazama yangu: nyeupe, tulivu, upau mweusi juu. Akabonyeza hapa, kikafunguka. Akabonyeza pale, kikafunguka. Saa inatembea. Akasema sasa tumekuwa ndugu kweli, hakuna tena cha kushindania. Nikaitikia amina. Mke wangu akatuletea chai, akatusifu kwa kukua.

Kiapo chetu kilidumu usiku mmoja. Jumapili nzima nilishinda kazini, kitandani, mito mitatu mgongoni. Hakuna sura ya ajabu kama ile. Ukiibembeleza, huigiza sura yoyote.

Aliyoibonyeza leo si GNOME. Ni Plasma, nimeivisha lile shati jeupe kwa mikono yangu mwenyewe.