Kati ya Mkao na Mkao

Jumatatu, 7 Juni 1954
Nimeshtuka. Sista Bertilla, mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo, amesema mikao yetu ya chini ni mizuri, lakini kati ya mkao na mkao tunainuka kama ng'ombe, matako kwanza. Atakayevuka vizuri kutoka mkao hadi mkao Jumamosi mbele ya wageni atapanda lori la misheni kwenda kuwaonyesha wasichana wa shule ya Kate. Sijawahi kupanda lori. Mwenzangu Kalista naye hajawahi, ila tayari anatembea kama mtu aliyeshuka sasa hivi.

Jumanne, 8 Juni
Nilitumwa chumvi dukani kwa Keshavji. Uani nikamwona baba yake, mzee wa mvi tupu, amekaa mkekani, miguu kainyosha. Akabonyeza viganja chini. Akanyanyuka mzima! Miguu ikapita katikati ya mikono, ikarukia nyuma, akalala kama kenge, akatazama juu. Kisha miguu ikarudi kwa njia ileile, akakaa mkao mwingine. Nilimwaga chumvi.

Nikamwamkia, nikamwomba anifundishe. Alicheka. Akasema kukaa hata gunia linakaa. Kazi ni kutoka mkao huu kwenda ule, na pumzi iende pamoja nawe. Na mikono isiondoke chini kabla matako hayajatua. Hilo alilirudia. Sikuona kwa nini.

Alhamisi, 10 Juni
Nimejifunza nyuma ya ghala la ulezi. Kidevu kimechubuka. Mama aliniuliza natafuta nini chini. Nikamwambia, Kate. Akasema Kate iko kaskazini, na maharage yako jikoni yanangoja kuchambuliwa.

Jioni niliinuka. Upana wa kidole, lakini niliinuka. Kalista alichungulia, akaniuliza kama chura amepata homa. Nikabonyeza viganja tena. Nilikuwa napumua.

Jumamosi, 12 Juni
Naandika nikipumua kwa mdomo. Pua imevimba.

Kalista alitangulia. Ng'ombe mtupu. Zamu yangu ikafika. Nikabonyeza viganja, nikapanda juu kuliko siku zote. Sista akashika msalaba wake kifuani. Papo hapo jumbe wa kijiji, aliyechelewa, akapita mbele yetu kwenda kwenye kiti chake. Mstari mzima ukainamisha vichwa na kumsalimu kwa makofi ya taratibu, kama bibi zetu walivyotulea.

Nami nilipiga makofi. Kwa mikono yote miwili.

Jumbe aliwaambia wageni kwamba amesalimiwa na watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kumsalimu kwa pua. Sista aliniosha damu akasema nilikuwa na adabu sana. Kisha akasema Kalista atapanda lori.

Jumapili, 13 Juni
Lori limeondoka baada ya misa. Kalista alinipungia mkono mpaka kwenye kona. Haikuwa lazima.

Nilikwenda kwa mzee. Aliitazama pua, akauliza kama mikono iliondoka mapema. Nikamweleza kuwa jumbe alipita. Mzee alifumba macho kitambo. Akaniambia nirudie kuvuka kule kule, polepole, mwaka mzima, nisiguse kitu kingine.

Nimefikiri njia nzima. Kosa si langu. Mikono haiwezi kushika ardhi na kusalimu wakubwa kwa wakati mmoja. Lakini leo, nikiwa naondoka, nilimwona mzee akisimama kwa kichwa. Kwa kichwa! Miguu juu, imetulia kama mlingoti.

Hapo mikono inabaki ya nini, kama si ya kupigia makofi? Sista amesema lori litakwenda tena Agosti. Naanza kesho, na jumbe apite anapotaka.