Uchaguzi wa Kumleta Mama

Jumamosi, 1 Novemba

Mwalimu amesema mtu anayeandika shajara hawezi kuwa mpweke, kwa kuwa anazungumza na nafsi yake. Nimezungumza na nafsi yangu tangu asubuhi. Haina jipya.

Amesema pia kwamba kila siku imalizike kwa funzo. Nitajitahidi.

Nyumbani tuko watatu: Babu, Bibi na mimi. Babu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Bibi alikuwa mkunga. Walistaafu pamoja mwezi wa Januari, na Bibi akanunua sanduku jekundu lenye magurudumu, maana Babu alimwahidi kwamba mwaka huu ni wa kusafiri. Mpaka leo sanduku limesafiri kutoka chumbani hadi sebuleni. Februari Babu alikuwa na kikohozi. Mei alikuwa anapaka geti rangi. Agosti alisema anafikiria. Sasa Bibi anaweka mablanketi humo.

Mama anashona nguo kiwandani, katika mji ambao ni siku nzima kwa basi. Mara ya mwisho alipokuja, sketi yangu ya shule ilikuwa bado inafika chini ya magoti. Msimamizi wake hutoa ruhusa kwa mambo matatu tu: ugonjwa, msiba na harusi.

Nimeyapima yote. Msiba sitaki. Wa kuolewa hapa nyumbani hayupo. Ugonjwa nao unamwogopa Bibi.

Lakini mwezi huu mtaa unachagua mwenyekiti. Anayeshinda hufanyiwa sherehe. Viti vya kukodi, muziki, watu wamevaa vizuri. Ukiitazama kwa mbali, ni harusi.

Babu lazima agombee.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilipotoka shule nilipitia dukani kwa katibu wa mtaa, yule anayeuza nyaya na balbu. Nikamwamkia kwa adabu zote. Nikamwambia Babu angependa sana kugombea, ila anaona haya kujitokeza mwenyewe, akifuatwa hatakataa. Katibu akauliza kama mzee anaweza kuhutubia. Nikasema kila asubuhi anahutubia bafuni. Hilo si uongo. Hutangaza treni.

Kisha nikaja nyumbani nikamwambia Babu kwamba katibu anasema mtaa huu hauna sauti kama yake, ila anaogopa kumsumbua mzee aliyepumzika. Babu akaweka kijiko chini. Akauliza wamesema ni sauti ya namna gani. Nikasema nzito. Akasema hapo hawakukosea.

Jioni katibu akabisha hodi. Babu alimshukuru kwa kumwomba, katibu akamshukuru Babu kwa kumwomba, wakapeana mikono. Wala hawakushtuka! Bibi alikuwa ananitazama mimi.

Baadaye aliyatoa mablanketi yote kwenye sanduku, akayakunja upya, akayarudisha. 

Funzo: watu wazima huulizana mambo mengi, lile lenye maana hawaligusi.

Jumapili, 9 Novemba

Mpinzani wa Babu ni jirani yetu Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa sasa. Kinyozi anafanya kampeni bila kutoka kwenye kibanda chake. Mpiga kura anakaa, anafungwa kitambaa shingoni, wembe unapita karibu na sikio, na anaafiki kila hoja.

Babu ametoa kipaza sauti alichozawadiwa siku ya kustaafu. Anafanya mazoezi mezani. Leo alitutangazia kwamba chakula cha mchana kinaingia mezani, na wasafiri wote wanaombwa kunawa mikono. Bibi alimwambia asafiri kwanza ndipo atuite wasafiri.

Mama alipiga simu saa yake ya kila Jumapili. Nikampa habari nzima, na sherehe nikaipamba kidogo. Alicheka. Jinsi anavyocheka nilikuwa nimeanza kuisahau. Kisha akasema, mwanangu, siasa haimo kwenye orodha ya msimamizi, hata Babu yako achaguliwe rais. Akauliza kama ninakula vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema labda mwakani. Akauliza tena kama ninakula, simu ikakatika.

Niliendelea kuishika sikioni. Bibi akaichukua taratibu, akasema itapata moto.

Kwa hiyo ushindi wa Babu hauna faida. Nimebadilisha mpango. Babu ashindwe, tena vibaya, apoteze hamu ya kula. Huo utakuwa ugonjwa, na ugonjwa umo.

Jumatano, 12 Novemba

Ni vigumu kumwombea mtu ashindwe wakati anakuomba umshikie kioo afunge tai.

Babu ameniuliza kama atafaa. Nikasema atafaa sana. Akasema tangu aache kazi hakuna mtu anayesimama akimsikia. Zamani alifungua mdomo tu, stesheni nzima ikainua mizigo. Sasa akisema kitu, hata paka haamki.

Sikuandika funzo la leo. Nilikuwa nalo, nikalifuta.

Jumamosi, 15 Novemba

Mkutano wa kampeni ulifanyika uwanjani, kando ya mtaro ulioziba. Watu wanataka kitu kimoja tu, mtaro uzibuliwe, kwa sababu mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani.

Kinyozi alisema ataanza kuuzibua Jumatatu. Amekuwa akisema Jumatatu tangu nikiwa darasa la pili, lakini alisema kwa uhakika.

Ikafika zamu ya Babu. Alisimama wima, akashika kipaza sauti, na kwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia akatangaza kwamba mtaro unatarajiwa kuzibuliwa hivi karibuni. Kisha mdomo ukajiendea wenyewe. Akaongeza kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu mtaro utachelewa, tunaomba radhi kwa usumbufu, na wananchi wasisogee karibu na ukingo.

Uwanja ulicheka mpaka muuza maji akakalia ndoo zake. Mama mmoja akauliza utachelewa kufika kutoka wapi. Mwingine akamwambia, nyamaza wewe, usije ukakosa behewa.

Babu alidhani wamefurahi. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Mimi sikuhitaji kufanya chochote. Mpango ulikuwa unakwenda wenyewe. Sijui kwa nini sikuweza kumaliza chakula.

Jumapili, 16 Novemba

Uchaguzi wa mtaa wetu hauna karatasi. Wagombea wanasimama, kila mpiga kura anapanga mstari nyuma ya anayemtaka. Kila mtu anamwona kila mtu.

Mwanzoni mistari ilikaribiana. Watu walimcheka Babu jana, lakini wanampenda. Nikaanza kuogopa kwamba atashinda.

Ndipo Bibi akafika, amevaa gauni lake la bluu. Akapita mbele ya mstari wa Babu, akamwitikia salamu, akaenda kusimama nyuma ya Kinyozi.

Nieleze kwamba Bibi amewazalisha karibu watu wote wa mtaa huu walio chini ya umri wa miaka arobaini. Wamezoea kufanya anavyofanya Bibi. Aliposimama pale, mstari wa Babu ukamfuata. Babu akabaki na katibu, fundi viatu, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia.

Kinyozi mwenyewe aliona aibu. Alimwambia Bibi, mama, umekosea mstari. Bibi akasema macho yake hayana tatizo lolote.

 Nyumbani nilijifanya nasoma. Babu akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama alikuwa mbaya kiasi hicho. Bibi akasema, baba watoto, mwenyekiti hasafiri. Nimekusubiri tangu Januari. Ukipewa mtaro nao, nitakufa na sanduku langu sebuleni.

Babu akakaa. Baada ya muda akainuka, akayatoa mablanketi kwenye sanduku mwenyewe, moja moja, akayapanga juu ya kochi.

Kisha akala. Akaomba aongezwe.

Mama alipopiga nikaenda na simu uani. Nikamwambia Babu ameshindwa na hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.  Mama akasema kesho atamwona msimamizi.

Funzo: ukisema uongo, usiuseme karibu na jiko. Harufu ya chakula inakuchanganya.

Jumanne, 18 Novemba

Mambo yamekuwa mengi.

Asubuhi Bibi alisema Ijumaa wanapanda treni kwenda kwa Mama. Mimi nina mitihani, kwa hiyo nitalala kwa mke wa Kinyozi mpaka warudi. Babu akaniambia nisimwambie Mama, wanataka kumshtukiza.

Jioni Bibi alikuwa dukani, simu ikalia. Mama. Amepewa ruhusa. Anafika Ijumaa jioni. Akasema nisimwambie mtu, Babu asije akaona anafanywa mgonjwa.

Wote wawili wamenihimiza kutunza siri. Nimelelewa kutunza siri.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hii ni shajara. Nikisema sasa hivi, Babu na Bibi hawataondoka, Mama atakuja, na tutakaa mezani wanne. Nimekaa na wazo hilo muda mrefu. Lakini Mama atamuuliza Babu kwa nini hali, na Babu atakuwa na sahani mkononi.

Tena wakiwepo, Mama atakuwa binti wa Bibi. Watakaa jikoni waongee mambo yao, mimi nitatumwa kuleta viti. Wasipokuwepo, kwa jioni moja, atakuwa mama yangu tu.

Sikusema.

Ijumaa, 21 Novemba

Niliwasindikiza stesheni kabla ya shule. Sanduku jekundu lilipiga kelele njia nzima, na Bibi alilivuta katikati ya barabara ili lionwe.

Kwenye jukwaa Babu alisimama, akasubiri. Sauti ikatoka juu, ya mwanamke, nyororo, ikataja treni. Babu akauliza yuko wapi huyo binti amsalimie. Mfagiaji akamwambia hakuna mtu, mzee, ni mashine.

Babu alikitazama chumba chake cha zamani. Kilikuwa kimejaa ndoo za rangi. Bibi akamshika kiwiko, akamwambia, tangaza wewe. Akakataa. Bibi akasema, mimi sipandi treni ya mashine. Basi Babu akasafisha koo, bila kipaza sauti, akatangaza treni yake mwenyewe. Jukwaa zima likainua mizigo.

Nilipunga mkono mpaka behewa la mwisho. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikachelewa shule.

Jumamosi, 22 Novemba

Jana jioni nilikuwa kibandani kwa Kinyozi nafagia nywele, Mama akatokea mlangoni. Alikuta kufuli nyumbani, akadhani Babu amepelekwa hospitali. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, bado ameshika mkoba.

Nikamweleza. Karibu yote. Alinikaripia mpaka Kinyozi akatoka nje kuangalia hali ya hewa. Halafu akasema nimekuwa mrefu, akaanza kulia.

Tulifungua nyumba. Mama alipika, tukakaa mezani wawili. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, niliyakusanya tangu sketi ilipokuwa ndefu. Nilikuwa kwenye la pili simu ya Mama ikalia. Alikuwa Babu. Akatangaza kwamba abiria wawili wamewasili salama, wameketi ngazini, na mwenye ufunguo wa chumba anatakiwa kufika mara moja.

Mama akasema itabidi arudi kwa basi la kwanza asubuhi. Jirani yake atawapa mahali pa kulala usiku huo. Kisha akajilaza kitandani kwangu apumzishe mgongo kidogo, akalala na viatu. Nilimvua. Nikakaa namtazama. Mambo yangu mengine yote nilimwambia hivyo hivyo, amelala.

Leo asubuhi nilimpeleka kwenye basi. Alipunga mkono kupitia dirisha, abiria mwingine akakaa, nikaona bega tu.

Sasa niko kwa mke wa Kinyozi, chumba cha wageni. Ni watu wema. Wanaongea chini chini wakidhani nimelala.

Nimefikiri kwa makini kama alivyofundisha mwalimu, na funzo ni hili: mpango ulikuwa mzuri, uliharibiwa na ufunguo. Wangekuwa na ufunguo, wangeingia wenyewe, na Mama angebaki mpaka kesho.

Kwa hiyo kabla hajapanda basi nilimwomba ufunguo wa akiba wa chumba chake, ili siku nyingine wazee wasikae ngazini. Mama akasema sasa ninaanza kupata akili, akanikumbatia, akauchomoa kwenye pete yake.

Ninao ndani ya soksi. Kinyozi anasema Machi mtaa utachagua kamati ya maji.

Babu bado hajui kwamba anagombea.